Vita vya Wii na Kinect Vilipita Mwihoko Kama Mat Imejaa, Lakini Hivi vya Akaunti Vinashukia Hapa Stage

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa den moja ya PS hapa Mwihoko. Unazijua hizo: mabati, ten by ten, benchi mbili, na pazia kwa mlango ndio jua isipige skrini. Mwenye den alikuwa ameleta PS5. Hiyo ni habari kubwa mtaani. Watoi walikuwa wamejaa hadi nje, na bodaboda wawili walikuwa wameacha kazi wacheki tu.

Kijana mmoja akafika na CD yake ya FC kwa mfuko wa hudi. Aliinunua secondhand na anaitunza kama title deed. Akazunguka mashine mara moja. Akazunguka tena.

"Mkubwa, hii CD naweka wapi?"

Mwenye den akainama kuangalia. "Si hapo... ebu ngoja." Akapapasa mbele, akapapasa kando. Hakukuwa na mahali. Ilikuwa ile ya digital. Msee aliyemuuzia huko tao alimwambia tu bei iko chini, hakumwambia kwa nini iko chini.

"Hii haina mdomo, buda," kijana akasema. Den nzima ikacheka. Mwenye den hakucheka.

Nimefikiria hiyo kitu wiki mzima, kwa sababu mimi nimewahi kukaa upande wake wa meza. Nilipotoka college kabla ya kumaliza (story ya siku ingine), kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushika saa na kuokota mbao mbao kwa den ya mtu. Najua hizo mabati zinalipa rent za nani. Na nataka kukuonyesha venye makampuni matatu, Nintendo, Sony na Microsoft, yamekuwa yakipigana miaka karibu 20, na venye vita vyao vya kwanza havikutugusa kabisa, lakini hivi vya sasa vinaingia hadi kwa benchi yetu.

Raundi ya kwanza: nani anarusha mkono

Rudi 2006. Microsoft walikuwa wametoa Xbox 360 mwaka uliotangulia. Sony wakaja na PS3, ya dola 499 na ingine ya 599. Hao wawili walikuwa wanashindana kwa nguvu: picha safi, mashine kali. Nintendo wakaona hawawezi hiyo mbio, wakaenda njia yao. Wakatoa Wii kwa dola 249, mashine dhaifu, lakini na rimoti unarusha mkono na mchezaji kwa skrini anarusha pia. Tenisi, bowling, ndondi.

Ilichoma soko. Majuu nyanya walikuwa wanacheza bowling kwa sebule. Watu walirusha mikono hadi rimoti zikatoroka zikapiga TV, na Desemba hiyo hiyo Nintendo ikabidi wabadilishe kamba za mkono za rimoti kama milioni 3.2. Mwishowe Wii iliuza zaidi ya milioni 101. PS3 ilimaliza na kama milioni 87, Xbox 360 kama milioni 84. Yaani yule dhaifu aliwapita wote.

Ukiona jirani ameomoka na smokie, kesho kutwa kuna trolley tatu za smokie hapo stage. Ndio venye ilienda. Septemba 2010 Sony wakatoa Move, fimbo yenye mpira unawaka taa juu. Novemba Microsoft wakatoa Kinect, kamera inakusoma mwili mzima, hushiki kitu. Kinect iliuza milioni 8 kwa siku 60 za kwanza, hadi ikaandikwa kwa Guinness. Kufika Februari 2013 zilikuwa zimeuzwa milioni 24.

Sasa niulize: wewe uliona Kinect ngapi Githurai, Mwihoko ama Kimbo? Mimi, sifuri.

Kwa nini ilitupita

Si ati tulikuwa washamba. Ni hesabu ya nafasi. Kinect ilitaka msee mmoja asimame kama mita 1.8 kutoka kwa kamera, wawili wasimame mita 2.4, na hapo katikati kusiwe na kitu. Ten by ten ni mita tatu. Toa meza ya TV, toa benchi, toa watoi 12 wanangoja line. Hiyo kamera ingeona umati ichanganyikiwe nani ndio Drogba.

Halafu kuna biashara yenyewe. Den inauza gemu, si mashine. Nikiwa mtoi ilikuwa ashu moja, siku hizi ni mbao na kupanda kulingana na mashine. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki, padi inapita kutoka mkono hadi mkono. Mchezo ni mpira, na mpira unataka padi mbili na vidole. Ukileta rimoti ya kurusha, kwanza itagonga mtu kichwa, pili itaisha betri, tatu spea yake hutapata mtaani.

Ndio maana kama 2010 wakati majuu wanarukaruka mbele ya Kinect, huku PS2 ndio ilikuwa inatawala, mashine ya mwaka wa 2000. Ilikuwa imechipiwa, inasoma CD yoyote. Sony walikuwa wameachana nayo kimawazo, lakini FIFA ziliendelea kutoka kwa PS2 hadi FIFA 14. Kwa PS3 ziliendelea hadi FIFA 19. Sisi tulikuwa tunakula mabaki ya vita, na mabaki yalikuwa matamu.

Na cheki venye Kinect iliishia. Xbox One ilipotoka Novemba 2013, Microsoft walilazimisha kila mtu anunue na Kinect ndani. Bei ikawa dola 499. PS4 ikaja na dola 399. Hiyo dola mia ya kamera iliwaumiza sana. Juni 2014 wakaanza kuuza Xbox One bila Kinect, na Oktoba 2017 wakakubali wameacha kuitengeneza. Kurusha mkono hakukufa kabisa, iko ndani ya Switch na ndani ya VR, lakini hakuna mtu tena anauza mashine kwa hiyo pekee.

Raundi ya pili: nani anashika mlango

Hii ya pili ilianza kimya kimya. Microsoft walifungua Xbox Live Novemba 2002, unalipa ndio ucheze na watu mtandaoni. Sony wakaja na PlayStation Network 2006, na kwa PS3 kucheza mtandaoni ilikuwa bure. Bure ina bei yake lakini: Aprili 2011 wezi waliingia kwa seva za Sony, data za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini, na mtandao wote ukazimwa zaidi ya wiki tatu. Den za huku hazikujua hata kama kuna kitu kimetokea. Zilikuwa zinaendelea na CD zao.

Halafu ikafika Juni 2013, na hapa ndio nataka uweke masikio.

Microsoft walikuwa wamesema Xbox One itakuwa inapiga ripoti kwa intaneti kila masaa 24. Usipopiga ripoti, hauchezi. Na CD haungeweza tu kumpea mtu vile unataka. Kumaanisha den ya Mwihoko ingekufa siku ya kwanza: stima ipotee, bando iishe, mashine inakufungia nje kama landlord.

Sony wakaona mwanya. Kwa maonyesho ya E3 huko Los Angeles wakasema PS4 haina hiyo mambo. Wakaweka na video fupi ya venye unashare gemu kwa PS4: msee mmoja anampea mwingine CD kwa mkono. Asante. Imeisha. Watu walicheka na kupiga makofi. Siku chache baadaye Microsoft wakarudi nyuma, wakafuta hiyo mpango yote.

Kila mtu anakumbuka hiyo video. Wachache wanakumbuka kitu kingine Sony walisema hiyo siku: kwa PS4, kucheza na watu mtandaoni hakutakuwa bure tena. Lazima uwe na PS Plus. Walituachia CD kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukachukua mtandao. Tuliangalia wa kulia peke yake.

Hesabu ya den, mimi nimeipiga

Wacha tuchukulie dola ni kama shilingi 129.

PS Plus ya chini kabisa, Essential, ilipandishwa Septemba 2023 kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka. Hiyo ni kama 10,300. Kwa den ya mbao, ni gemu 515 kabla hujalipa stima wala rent. Game Pass Ultimate ya Microsoft ilipanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Hiyo ikawa karibu 3,900 kila mwezi, zaidi ya thao 46 kwa mwaka. Nintendo ndio wako chini, dola 19.99 kwa mwaka, kama 2,600, lakini hapa mtaani Switch unaiona kwa simu ya mtu TikTok.

Ongeza intaneti. Faiba ya chini ni kama thao tatu kwa mwezi. Chukua laini ya Mbps 15, ushushe gemu ya GB 100. Ukiwa na bahati na hakuna mtu mwingine anaitumia, ni karibu masaa 15. Na hiyo ni gemu moja. CD hiyo hiyo ingekuwa imekuletea sehemu kubwa ya mzigo tayari.

Na hata ukiwa na doo na laini, kuna swali la mlango. Mei 2024 Sony walitaka wasee wa Helldivers 2 kwa kompyuta wafungue akaunti ya PSN. Dunia ikagundua kumbe kuna nchi kibao hazipo kabisa kwa orodha ya PSN, na Kenya ni mojawapo. Gemu ikaondolewa sokoni kwa nchi 177, kelele zikapigwa, Sony wakarudi nyuma kwa siku chache. Sisi tulicheka, kwa sababu hiyo kitu tumeishi nayo. Kila msee wa PS hapa unamjua ana akaunti ya "Marekani" ama "Uingereza" ama "South Africa", na ananunua kadi za huko ndio alipe. Anakaa Mwihoko, akaunti inakaa Texas.

Sheria za hizo akaunti pia zinasema ni za matumizi ya binafsi, si za biashara. Na CD hakuna mtu alikuja kukuuliza. Na akaunti, gemu zako zote ziko kwa mlango mmoja, na funguo si zako.

Kile kinapotea si plastiki

Najua kuna mtu anasema: bro, dunia inasonga, CD ni za mababu. Sawa. Lakini angalia kwa den ni nini kinasonga.

CD ilikuwa inafanya kazi tatu. Ya kwanza, inauzwa tena. Msee ananunua, anacheza miezi mitatu, anauzia den, den inaitumia miaka miwili. Ya pili, inaazimwa. Kijana asiye na mashine nyumbani anaweza kuwa na gemu, kama yule wa hudi. Ya tatu, haiulizi mtu ruhusa. Iko hapo hata kampuni ikilala.

Toa CD, na hizo tatu zote zinaenda. Si hadithi za kutisha, zimeanza. Mashabiki wa PES mnakumbuka: PES 2021 ndio ilikuwa ya mwisho ya kununua kama gemu ya kawaida. Septemba 2021 Konami waligeuza kila kitu kuwa eFootball, ya bure, ya kushusha, na ilitoka ikiwa na mapengo hadi ikachekwa dunia nzima. Den nyingi zilibaki tu na PES 2021 kama mzee amekataa kuhama. Machi 31, 2024, Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014. Wenye walikuwa na CD walibaki na sahani. Wasee wa Ulaya walikasirika wakaanzisha ombi kwa Umoja wa Ulaya, na 2025 lilipita sahihi milioni moja.

Na mashine zenyewe zinafunga mdomo mos mos. Xbox Series S ya 2020 haina mahali pa CD. PS5 Pro ya Novemba 2024, iliyotoka ikiwa dola 699.99, haina pia. Zile PS5 nyembamba za kuanzia mwisho wa 2023 unaweza kuongezea kifaa cha CD, dola 79.99, bei sawa na mwaka mzima wa Plus. Na ndio uifunge mara ya kwanza, mashine inataka intaneti. Yaani hata kusoma CD unaomba ruhusa. Switch 2 ya Juni 2025 nayo ina kadi zingine ndani hazina gemu, ni funguo tu ya kwenda kuishusha. Angalau hiyo kadi unaweza kumpea mtu.

Mtandao si shetani

Lakini wacha niseme ukweli wote. Mtandao umetoa wasee. Sylvia Gathoni, yule wa Tekken anaitwa Queen Arrow, alitoka hapa Kenya akaingia timu ya majuu kulipwa kucheza. Bila mtandao nani angemjua? Gemu za bure kama Fortnite na eFootball hazihitaji Plus kwa PlayStation, na kwa Xbox pia kuanzia Aprili 2021. Mtoi na simu ya bei ya chini anacheza eFootball na mtu wa Brazil akiwa kwa mat.

Pia CD haikuwa malaika. Inakwaruzika. Nyingi za zamani zilikuwa za River Road na hatujifanyi hatujui. Na den bila mtandao inabaki nyuma: kuna moja hapa Mbappé alichezea PSG mwaka mzima baada ya kwenda Madrid, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mashabiki wa Madrid.

Shida yangu si kwamba mtandao upo. Shida ni kwamba umepangwa kwa mtu mmoja, nyumba moja, kadi moja ya benki, nchi iliyo kwa orodha. Den ni watu 12, mashine mbili, na sarafu. Kinect ilidhani kila mtu ana sebule. PS Plus na Game Pass zinadhani kila mtu ana akaunti yake na laini haikatiki. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ya Kenya ikatambaa kama konokono. Den zenye CD zilifungua kama kawaida.

Na tofauti kubwa ni hii: Kinect tungeweza kuilenga, na tuliilenga. Mashine isiyo na mdomo hauwezi kuilenga kama ndiyo peke yake itakuwa inauzwa.

So, ufanye nini

Kama wewe ni mwenye den ama unataka kufungua moja, hii ndio yangu, chukua ama uache.

Ukienda kununua, cheki mdomo kwanza, bei baadaye. Uliza kwa sauti: "Inasoma CD?" Ikiwa haisomi, hesabu gemu zote utanunua upya kwa bei ya duka la mtandaoni, na hutaziuza kamwe. Usiuze PS4 yako bado. Usinunue akaunti ya mtu imejaa gemu kwa sababu ni rahisi. Akaunti ni ya aliyeifungua, akibadilisha neno la siri umebaki na TV. Na ukiwa na PS5 ya digital tayari, weka gemu za bure, lakini hesabu bando kwa bei ya gemu, si kwa faida yako.

Na sisi wateja tuwache kucheka mtu amenunua mashine bila mdomo. Hiyo mabati ndio pahali watoi wanakaa jioni badala ya kukaa kwa machine za kubet. Ikifungwa, hatutapewa ingine na Sony.

Jumapili jioni nilipita tena pale. PS5 ilikuwa kwa kona, imewashwa, inashusha kitu na hotspot ya simu. Ilikuwa imefika asilimia nne. Line yote ilikuwa upande wa PS4. Yule kijana wa hudi ndiye alikuwa ameshika padi, CD yake ndani, amemfunga mtu tatu bila.

Mwenye den alikuwa amekaa kwa mlango anapiga hesabu kwa kikaratasi. Nikamsalimia. Akaniuliza kama namjua mtu anaweza kubadilishana naye, PS5 yake na ile ya CD, aongeze kitu kidogo.

Nikamwambia nitauliza.